Pembe ya kioo kwanza, gundi baadaye: adapta ya filta kwa kamera ya gari

Shemeji yangu anaendesha Noah kati ya Mtwara na Masasi. Mwezi Oktoba, msimu wa korosho ukiwa ndiyo unaanza, aliniletea memori kadi ya kamera yake ameishika kwa vidole viwili kama mtu aliyebeba ushahidi. Alikuwa amekwaruzana na bodaboda Mikindani, saa saba mchana, pale barabara inapopita kando ya ghuba. Hakuna aliyeumia, lakini kila mmoja alikuwa na maelezo yake, na shemeji alikuwa na hakika kwamba kamera imeona kila kitu.

Tukaifungua kwenye laptopu. Barabara ilikuwepo, minazi ilikuwepo, bahari ilionekana upande mmoja. Lakini juu ya vyote hivyo kulikuwa na picha nyingine imeelea: kizulia cheupe cha manyoya kilichotandikwa juu ya dashibodi, risiti ya mafuta yenye mkunjo katikati, na nusu ya maandishi ya pakiti ya tishu yakiwa yamepinduka. Bodaboda iliingia kwenye picha ikipitia nyuma ya ile risiti. Ilipotokeza upande wa pili, mkwaruzo ulikuwa umeshatokea.

Kamera haikuwa mbovu. Ilirekodi kwa uaminifu kile ilichowekewa mbele yake, yaani kioo kinachopitisha mwanga wa barabara na papo hapo kinarudisha mwanga wa dashibodi. Dawa ya mwakisiko huo inajulikana: filta ya polaraiza. Taabu ni kwamba kamera nyingi za gari hazina mahali pa kuifungia, ndiyo maana watu hujitengenezea adapta. Mimi nimetengeneza tatu. Mbili zilishindwa, na kushindwa kwake ndiko kulikonionyesha kwamba kazi hii haianzi na gundi. Inaanza na pembe mbili: jinsi kioo cha gari kilivyolala, na upana ambao lenzi inatazama. Ukizijua hizo, adapta ni kazi ya jioni moja. Usipozijua, unaweza kununua filta nzuri ukaifunga kwenye gari ambalo haitalisaidia.

Mwanga unaorudi

Kioo safi kikitazamwa moja kwa moja hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga kwa kila uso, na kina nyuso mbili, wa ndani na wa nje. Asilimia 8 inasikika kuwa ndogo. Lakini kitu cheupe kilichopigwa na jua la adhuhuri kinang'aa mara nyingi zaidi ya lami au kivuli cha mwembe, kwa hiyo hata sehemu ndogo ya mwanga wake inatosha kumfunika mtu aliyevaa shati jeusi, au namba ya pikipiki. Na kadiri unavyokitazama kioo kwa mlalo, ndivyo kinavyorudisha zaidi.

Huku kwetu kusini jua linaongeza lake. Mtwara na Lindi ziko karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka: karibu na tarehe 20 Oktoba na tena karibu na tarehe 20 Februari. Siku hizo, saa sita mchana, mwanga unashuka wima, unapenya kioo kilicholala na kutua juu ya dashibodi nzima bila kivuli. Oktoba ndiyo pia wakati malori ya korosho yanapoanza kujaa barabarani. Mwakisiko mkali kuliko wote na barabara yenye magari mengi kuliko kawaida vinakutana katika wiki zilezile.

Sasa filta inafanyaje kazi? Mwanga ni wimbi, hutetemeka huku ukisafiri. Chukua kamba ya kuanikia nguo, ifunge ncha moja kwenye mti, itikise ncha nyingine. Unaweza kuitikisa juu na chini, kushoto na kulia, au mshazari. Mwanga wa jua una mitetemo ya pande zote kwa pamoja. Ukikipiga kioo kwa mlalo, kioo hakiirudishi yote sawasawa. Kile kioo cha mbele cha gari hurudisha zaidi mtetemo wa kushoto na kulia, ulio sambamba na uso wake, na ule mwingine hukiacha kioo na kupenya. Filta ya polaraiza unaweza kuifikiria kama uzio wa fito zilizosimama wima. Ipitishe kamba katikati ya fito: mtikiso wa juu na chini unapita, wa kushoto na kulia unagonga fito na kufia hapo.

Ukiweka uzio wa namna hiyo mbele ya lenzi, mwanga wa dashibodi, ambao karibu wote umekuwa wa kushoto na kulia, unakatwa. Mwanga wa barabara una mitetemo yote, kwa hiyo unapoteza kama nusu na nusu nyingine inaingia. Filta haitambui dashibodi wala barabara. Inatofautisha mitetemo tu, na kazi ya kuitenganisha mitetemo hiyo inafanywa na kioo.

Mwaka 1808 Mfaransa Étienne-Louis Malus alikuwa Paris akitazama, kupitia kipande cha madini ya kalsaiti, jua la jioni lililokuwa likirudi kutoka madirisha ya kasri la Luxembourg. Aligundua kwamba akikizungusha kipande kile, mwanga uliorudi unafifia na kuwaka tena. Mwaka 1815 Mskochi David Brewster akaonyesha kwamba kila kitu kama kioo au maji kina pembe yake moja ambayo mwanga unaorudi unabaki na mtetemo wa upande mmoja tu. Filta nyepesi ya kukata kwa mkasi ilisubiri hadi 1929, Mmarekani Edwin Land alipobuni karatasi ya plastiki yenye kazi hiyo. Hadi leo filta za kamera, miwani na skrini za kalkuleta zinatumia karatasi za ukoo huo.

Pima kioo kabla hujanunua kitu

Kwa kioo cha kawaida pembe ya Brewster ni nyuzi 56, ikipimwa kutoka mstari unaosimama wima juu ya uso wa kioo. Kwa mwenye gari hesabu inakuwa nyepesi zaidi. Kamera hutazama mbele kwa usawa, hivyo filta inafanya kazi yake yote pale kioo cha mbele kinapolala nyuzi 34 kutoka usawa wa ardhi.

Kupima hakuhitaji kifaa cha dukani. Tulitumia protrakta ya mkebe wa hesabu wa mtoto, uzi na nati moja. Funga uzi kwenye alama ya katikati ya protrakta, ning'iniza nati, kisha bandika ule upande ulionyooka wa protrakta kwenye kioo, katikati, gari likiwa limesimama mahali tambarare. Soma namba ambayo uzi umeikata. Tofauti kati ya namba hiyo na 90 ndiyo mlalo wa kioo chako. Kama uzi umekata 52, kioo kimelala nyuzi 38.

Nyuzi 38 ndizo tulizozipata kwenye Noah ya shemeji. Kwa mlalo huo, hesabu ya kioo safi inasema mwakisiko, ukilinganishwa na barabara, unabaki chini ya asilimia 3 ya ulivyokuwa. Kioo kikisimama zaidi, hadi nyuzi 50, unabaki karibu theluthi moja. Bado ni nafuu kubwa. Kikifika nyuzi 70 unabaki zaidi ya asilimia 80, yaani filta imekula nusu ya mwanga wako bila kukupa chochote cha maana.

Naomba kila mwenye Canter au Coaster akae kidogo hapa. Magari mengi ya namna hiyo yana vioo vilivyosimama karibu wima, na madereva wake ndio wanaokaa barabarani saa nyingi. Ukifuata njia ya mwanga kwenye kioo cha nyuzi 70, utaona kwamba kinachorudi kwenye lenzi hata si dashibodi. Kamera inatazama mbele, kioo kinaurudisha mtazamo wake nyuma na chini kwa nyuzi 40, moja kwa moja kwenye kifua na mapaja ya dereva. Shati jeupe la dereva ndilo linaloelea juu ya barabara. Kwenye gari hilo shati la rangi ya giza linafanya kazi kuliko filta ya bei yoyote, na kamera ikisogezwa hadi kugusana na kioo inasaidia pia, kwa sababu mwili wake wenyewe unaziba sehemu ya mwanga wa ndani.

Kwenye gari la kioo kilicholala, kinachorudi ni kile kilicho chini kabisa ya kamera, juu ya dashibodi. Kwa hiyo nusu ya dawa ni kuondoa weupe huo. Kile kizulia cha manyoya kilishonwa na dada yangu, na shemeji hakutaka kukitoa. Tulikubaliana kihamie kiti cha nyuma, na mbele tukatandika kipande cha mahameli nyeusi, ambayo humeza mwanga kuliko kitambaa cheusi cha kawaida. Risiti zikaenda kwenye kidroo. Dawa ya kung'arisha dashibodi isipakwe tena sehemu iliyo chini ya kioo. Na kioo kifutwe kwa ndani, maana plastiki ikichemka juani hutoa mvuke wa mafuta unaoganda kama ukungu, na ukungu huo, sawa na vumbi jekundu la njia ya Tandahimba, hutawanya mwanga ovyo. Mwanga uliotawanyika hivyo filta haiwezi kuukamata.

Mahameli peke yake ilipunguza tatizo kiasi kwamba kama kioo cha Noah kingekuwa kimesimama, ningeishia hapo. Lakini saa sita ya Oktoba hata mahameli nyeusi inang'aa.

Filta ya kweli na filta ya jina

Filta ya kamera ya mkono, ya saizi ya milimita 37, ndiyo rahisi kufanya nayo kazi kwa sababu ina pete yake ya kuzunguka. Studio za picha huwa na za zamani, kubwa zaidi, za milimita 52 au 58, na hizo pia zinafaa kama kamera yako ina nafasi kuzunguka lenzi. Ukikosa, miwani ya jua ya polaraiza inaweza kutoa kipande, japo lenzi za miwani zimepinda na huikunja picha kidogo pembeni. Weka alama upande wa juu kabla hujakata, kwa sababu miwani hutengenezwa fito zake zikiwa wima na utataka zibaki hivyo. Skrini ya LCD iliyovunjika kwa fundi TV nayo ina karatasi za polaraiza zilizobandikwa kwenye kioo chake, ila ile ya mbele mara nyingi imetiwa uso wa ukungu ili TV isiakisi taa za sebuleni. Ukiiweka mbele ya kamera, picha yote inafifia. Karatasi ya mbele ya kalkuleta iliyokufa ni safi zaidi, ingawa ni ndogo.

Miwani mingi inayouzwa barabarani imebandikwa neno la polaraiza na haina hata chembe yake. Jaribu hapohapo kwa muuzaji: shika miwani mbele ya kalkuleta iliyowashwa, uizungushe nusu duara. Kama skrini inageuka nyeusi kisha inarudi, ni polaraiza. Kama inabaki ileile, ni plastiki ya rangi. Skrini za simu si za kutegemea kwa jaribio hili, kwa kuwa baadhi hazigeuki nyeusi hata kwa filta halali. Na filta yoyote iliyo nyeusi tu, pamoja na tinti, inapunguza mwakisiko na barabara kwa kiasi kilekile, kwa hiyo haitatui kitu.

Utakutana na aina mbili: polaraiza ya mstari na polaraiza ya duara. Jina la duara halihusu umbo la kioo chake. Ni polaraiza ya mstari iliyoongezewa utando nyuma yake, ambao unazungusha mtetemo baada ya kuchujwa. Utando huo uliwekwa kwa ajili ya kamera zenye kioo cha kuakisi ndani, ambazo vipimo vyake vya mwanga na vya kulenga vilichanganyikiwa na mwanga wa mtetemo mmoja. Kamera ya gari haina kioo hicho. Sensa yake, yaani kile kidude cha ndani kinachopokea mwanga, inapokea aina zote mbili vizuri, kwa hiyo usilipe zaidi kwa ajili ya neno duara.

Tofauti moja inabaki, na ni muhimu kwa anayejitengenezea. Ya mstari inafanya kazi hata ukiigeuza nyuma mbele. Ya duara haifanyi. Ikigeuzwa inapunguza mwanga tu na mwakisiko unakaa palepale. Kama kioo kimetoka kwenye pete yake na hujui upande, simama mbele ya kioo cha kujitazamia, funga jicho moja, weka filta mbele ya jicho lililo wazi, ulitazame jicho hilo kwenye kioo. Upande mmoja utaliona, upande mwingine litapotea katika weusi. Linapopotea, uso wa filta unaotazama kioo ndio unaopaswa kutazama lenzi ya kamera.

Milimita zinazokula picha

Adapta yangu ya kwanza ilikuwa kizibo cha chupa ya maji kilichokatwa kichwa, filta juu yake, umbali wa milimita 9 kutoka lenzi. Picha ilitoka duara, kama unachungulia kwenye bomba. Sikuelewa kwa nini, wakati tundu lilikuwa kubwa kuliko lenzi mara mbili.

Sababu ni upana wa mtazamo. Kamera ya gari hutazama pana sana. Ya shemeji imeandikwa nyuzi 140 kutoka kona hadi kona, maana yake kutoka mstari wa katikati inaona nyuzi 70 kila upande. Kwa upana huo, kila milimita 1 unayoisogeza filta mbele ya lenzi inadai tundu liongezeke karibu milimita 2.75 kila upande. Fanya hesabu ya kizibo: milimita 9 mara 2.75 ni karibu 25, ongeza milimita 5 za nusu ya lenzi yenyewe, unapata 30. Nilihitaji tundu la milimita 60. Nilikuwa na la 26.

Sasa igeuze. Filta ya milimita 37 ina uwazi wa kama milimita 34, nusu yake 17. Toa 5 za lenzi, zinabaki 12. Gawa kwa 2.75, unapata milimita 4 na ushee. Hizo ndizo milimita zote ulizo nazo. Na zihesabiwe hadi ukingo wa mbele wa pete ya filta. Wengi wanapima hadi kwenye kioo chake na kuusahau ukingo unaokitangulia, ambao ndio unaotia weusi kwenye kona. Kama kamera yako inatazama nyuzi 120, kila milimita inadai 1.7 tu, na unapata nafasi ya karibu milimita 7. Soma boksi la kamera kabla ya kuchagua filta.

Adapta ya pili ilikuwa pete ya bomba la plastiki iliyoshikwa na gundi ya moto. Vipimo vilikuwa sawa, picha ilikuwa safi kwa siku mbili. Siku ya tatu gari lilisimama sokoni mchana na filta ikakutwa sakafuni. Dashibodi ya gari lililoegeshwa juani inaweza kupita nyuzi 70 za Selsiasi, na gundi ya moto huanza kulegea kabla ya hapo au papo hapo. Wenye mashine za kuchapa vitu vya plastiki wajue kwamba plastiki ya PLA, ambayo ndiyo ya kawaida zaidi, hulainika kwenye nyuzi 60 hivi. Ile ya ABS huvumilia hadi karibu 105. Supaglu ina ubaya wake mwingine: inapokauka hutoa mvuke unaoganda kama unga mweupe juu ya kioo kilicho karibu, na kwenye vizibo vya chupa haishiki kabisa.

Ya tatu, iliyopo sasa, haina gundi inayogusa kamera. Ni mpira wa tyubu ya baiskeli.

Kwanza tulipima shingo ya lenzi. Zungusha kamba nyembamba ya karatasi, weka alama inapokutana, inyooshe kwenye rula, gawa kwa 3.14. Karatasi yetu ilikuwa milimita 69, kwa hiyo shingo ni milimita 22. Fundi baiskeli alinipa tyubu iliyokwisha viraka. Nikaipasua, nikaiosha kwa sabuni kuondoa ule unga mweupe wa ndani, maana unga huo ukifika kwenye lenzi unaichafua, kisha nikakata ukanda wa upana wa milimita 4 na urefu wa sentimita 60. Kuukata ukanda huo mnyoofu ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Bana rula ya chuma juu ya mpira, tumia wembe mpya, vuta mara moja bila kusita. Wembe ukisimama katikati unaacha jino, na jino hilo litaonekana kwenye mzunguko wa mwisho kama filta iliyoinama.

Ukanda haukusokotwa kwenye kamera. Uliviringishwa kwenye kipande cha bomba la chuma la nusu inchi, ambalo licha ya jina lake lina kipenyo cha nje cha milimita 21.3, pungufu kidogo tu ya shingo yetu. Upungufu huo ndio utakaoufanya mpira ubane. Kwaruza ukanda kwa msasa pande zote mbili, paka solusheni ileile ya viraka, subiri hadi uso upoteze ubichi na usinate kwenye kidole kama asali, kisha viringisha huku ukivuta kidogo. Mzunguko wa kwanza, unaogusa bomba, usipakwe kitu kwa ndani. Tyubu ina unene wa milimita moja hivi, kwa hiyo mizunguko sita hadi saba inafikisha kipenyo cha milimita 35, kinachozidi kidogo tundu la nyuma la filta. Iache usiku kucha mahali penye hewa, harufu ya solusheni iishe kabisa kabla haijakaribia lenzi.

Asubuhi unaichomoa bombani na kuivalisha shingoni mwa kamera, uso wake ukilingana na ukingo wa lenzi. Filta inasukumwa juu yake kwa kuzungusha, mpira unajibana ndani ya pete, na inakaa. Ukingo wa mbele wa filta ulikuja milimita 4 mbele ya lenzi. Tuliielekeza kamera kwenye ukuta mweupe na kuzikagua kona nne za picha moja moja. Zote zilikuwa nyeupe. Weusi wa mpira una faida nyingine, kwamba hakuna mwanga unaopenya kutoka pembeni kati ya lenzi na filta. Angalia tu usizibe matundu ya kupumulia ya kamera wala ya maikrofoni. Joto la huku linaitesa kamera vya kutosha.

Kuizungusha na kuitoa

Filta ikiwa imekaa, kazi ya mwisho ni kuisimamisha wima. Egesha gari juani, weka karatasi nyeupe juu ya dashibodi chini ya kamera, tazama picha kwenye skrini yake au kwenye simu kama kamera inaunganishwa, kisha zungusha pete polepole. Karatasi itafifia, itapotea, kisha itaanza kurudi. Simama pale ilipopotea. Usifanye hivyo ukiwa umevaa miwani ya polaraiza, kwa sababu skrini yenyewe inaweza kugeuka nyeusi na kukudanganya. Weka alama ya rangi ya kucha, nusu kwenye pete, nusu kwenye mwili wa kamera, ili mtikisiko wa barabara ukiizungusha ujue mara moja. Noah ilipotoka njia ya Newala siku moja, alama ilikuwa imeachana kwa karibu robo duara na kila kitu cha dashibodi kilikuwa kimerudi kwenye picha.

Jua likiwa mbele ya gari, filta haina msaada. Mwanga wa jua uingiao moja kwa moja kwenye lenzi haujaakisiwa na chochote, una mitetemo yote, na kioo cha ziada mbele ya lenzi kinaweza hata kuongeza madoa ya mwanga kama kina alama za vidole. Anayetoka Mtwara alasiri analijua jua hilo: baada ya Mnazi Mmoja barabara inageukia magharibi kuelekea Mtama na Nyangao, na linakaa usoni hadi linazama.

Na giza likiingia filta lazima itoke. Hupitisha nusu ya mwanga au chini ya hapo, hadi robo kwa filta nyingine. Mchana sensa haitambui upungufu huo, lakini usiku kamera inalazimika kufungua kwa muda mrefu zaidi kwa kila picha, na namba ya gari linalopita inageuka mstari wa mwanga. Ndiyo maana nilikataa wazo la kuibandika moja kwa moja, na ndiyo maana adapta nzuri ni ile inayotoka kwa mkono mmoja. Shemeji huitoa Mnazi Mmoja, abiria wanaponunua maji. Anaizungusha kushoto, anaiweka kwenye kikopo cha dawa ya kuchua kilichotandikwa sponji ndani, na pete ya mpira inabaki shingoni mwa kamera ikisubiri asubuhi.

Nimetazama picha mpya ya Mikindani, saa saba mchana, iliyorekodiwa kamera ikiwa na filta. Mawimbi yanaonekana, mtumbwi uliopinduliwa ufukweni unaonekana, na pikipiki inayokuja inasomeka namba ikiwa umbali wa gari mbili. Kwenye kona ya juu kushoto bado kuna wingu hafifu lenye ukubwa wa kiganja. Hapo ndipo kioo cha Noah kinapopinda kuelekea mlangoni, na pembe yake si 38 tena.